Nusu kwa nusu: tulivyoifunga kampuni mahakamani

Kampuni ilikuwa na wanahisa wawili, mimi na mwenzangu, nusu kwa nusu, na kazi yetu ilikuwa matrela ya mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Tulipokosana, kila azimio likawa kura moja dhidi ya moja. Benki ilitaka saini zetu sote, kwa hiyo madereva wakakaa bila mshahara ilhali akaunti ina pesa.

Kwa kuwa madeni hayakuwa yametushinda, nilidhani mahakama haitanisikiliza. Wakili akanionyesha kifungu cha 424 cha Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015: jaji anaweza kuifunga hata kampuni inayojiweza, akiona ni haki kufanya hivyo. Akanisimulia kesi ya Yenidje Tobacco ya Uingereza, 1916. Wanahisa wake wawili, Weinberg na Rothman, walifika mahali pa kusemezana kupitia katibu tu, na kampuni ikavunjwa ingawa ilikuwa ikipata faida nzuri. Nilicheka. Katibu wetu alikuwa ameshajiondokea.

Kilichonifaa zaidi ni barua. Kabla ya kwenda mahakamani nilimwandikia mwenzangu: nunua hisa zangu au niuzie zako, bei ni ileile. Hakujibu. Jaji anaweza kukataa ombi akiona ulikuwa na njia nyingine ukaipuuza bila sababu, basi barua ile iliambatishwa kwenye hati ya kiapo pamoja na kumbukumbu za mikutano iliyokosa akidi.

Tangazo ndilo lililotutikisa. Ombi lilipochapishwa kwenye Gazeti Rasmi, benki ilizuia akaunti, maana malipo yanayofanyika baada ya ombi kuwasilishwa yanaweza kubatilishwa. Ikabidi turudi kwa jaji kuomba ruhusa ya kuwalipa madereva. Ombi hilo la pili liandaliwe mapema, pamoja na la kwanza.

Amri ilipotolewa, mfilisi, yaani msimamizi wa kuuza mali na kulipa madeni, alichukua vitabu na funguo, na ukurugenzi wetu ukaishia hapo. Benki yenye rehani ya matrela ilichukua chake kwanza, zikafuata gharama za ufilisi, mishahara, kodi, kisha wadai wa kawaida. Wenye hisa tulikuwa mkiani, na kilichotufikia kilikuwa kidogo, maana bei ya mnada haina huruma. Trela moja alilinunua mwenzangu mwenyewe.