Ndoo iliyoota maua

Picha ilifika Lamu kabla yangu. Boti ya Mokowe haijafunga gatini, na mtaa wetu mzima wa Langoni ulikuwa umeshaniona nimevaa koti kubwa kuliko mimi, mtandio umepeperuka, mkononi nimeshika kamba, na mwisho wa kamba kuna mbwa. Binamu yangu aliitoa kwenye stetasi yangu akaitia kwenye kundi la ukoo, na vitu vya kundi la ukoo havikai humo. Kila aliyenipa mkono wa karibu nyumbani alikuwa na swali lake mdomoni. Shangazi, ambaye hatujaonana miaka miwili, alinikumbatia akalia, kisha akaninusa bega.

Basi nimekaa hapa kwenye daka la kwetu, kibaraza cha mlangoni, alasiri, naandika ili nisimulie mara moja tu. Atakayeuliza tena nitamwambia asome.

Nasoma Exeter, mji wa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka wa kwanza nilikaa bweni. Jiko moja watu wanane, friji moja, na kila mmoja ana rafu yake na maziwa yake yameandikwa jina. Sikuwahi kuona maziwa yenye jina. Siku niliyopika wali wa nazi na samaki wa kupaka, wote walitolewa vyumbani na harufu. Walisimama mlangoni wakasifu, na nilipowakaribisha kila mmoja akachukua kijiko kimoja, akashukuru mara tatu, akarudi chumbani kwake. Sufuria nzima ikanibakia. Nililia kidogo, nikala siku nne.

Desemba ndiyo iliyotaka kunimaliza. Kule sala ya Magharibi ya Desemba huingia saa kumi na dakika kumi hivi. Unaingia darasani mchana, unatoka usiku. Ilipita wiki moja ambayo sauti yangu mwenyewe niliisikia nikisoma Fatiha na nikimshukuru dereva wa basi (kila anayeshuka humshukuru dereva, na hilo la watu wa Devon nimelipenda). Simu na baba haikuwa dawa. Baba yangu kwenye simu ni hujambo, umekula, haya, anakata, anaogopa kunimalizia hela, hata nikimwambia ni ya intaneti.

Mwaka wa pili nikapata chumba kwa bibi mmoja mjane, miaka sabini na kitu, nyumba ya matofali mekundu juu ya kilima. Kodi nafuu. Aliniuliza kama nina shida na mbwa. Nikasema sina. Sijui uongo ule niliutoa wapi, na haraka namna ile.

Anaitwa Monty. Ni spaniel, masikio yamening'inia kama vitambaa vilivyosahauliwa kwenye kamba ya kuanikia, na ana mate. Sisi wa Lamu ni Mashafii, tunamfuata Imam Shafii, na hili tumefundishwa chuoni tukiwa wadogo: mbwa akikulamba, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Nilimpigia baba nikitumai labda msafiri ana ruhusa yake. Kwa mara ya kwanza hakukata simu.

"Saba, mwanangu," akasema, "ya kwanda kwa mtanga. Mtanga huko uko?"

Ulikuwepo. Nilijaza ndoo udongo wa bustanini nikaiweka kwenye mlango wa nyuma, na kikombe juu yake. Monty alinilamba Jumatatu, akanilamba Jumanne, na kwenye baridi ile maji ya bomba la nje yanakata vidole. Bibi mwenye nyumba alikuwa akinitazama kupitia dirisha la jikoni bila kuuliza, maana Waingereza huona kuuliza ni utovu wa adabu. Akajifasiria mwenyewe kwamba nina hamu ya kilimo. Siku moja nikaenda kuchota udongo nikakuta ndoo imeota. Alikuwa amenitilia mbegu za maua.

Ilibidi nimweleze. Niliona aibu kama nimemtukana mtoto wake. Akanisikiliza, akafikiri, akasema, basi tutatafuta ndoo ya pili. Yale maua tukayaacha.

Dada mmoja wa Kimoroko tuliyekuwa tukionana msikitini alicheka mpaka akakaa chini. Kwao wanamfuata Imam Malik, na kwa Malik mbwa aliye hai si najisi. Nikamwambia wewe una imamu wako, mimi nina baba yangu.

Februari bibi aliteleza kwenye barafu akavunjika kifundo cha mkono. Na mbwa wa kule hafunguliwi akajiendee, lazima atolewe kwa kamba, asubuhi na jioni. Hakuniomba. Alikaa jikoni mkono uko kwenye plasta, na Monty kasimama mlangoni anamtazama yeye, ananitazama mimi. Nikamkumbuka yule mtu wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatuni akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Mkavu kwa mkavu hakuna najisi, nikajiambia. Nikavaa glavu, nikashika kamba. Hiyo ndiyo picha.

Na sasa nitasema jambo ambalo shangazi hatalipenda. Mwaka mzima na nusu nilikuwa napita mji ule hakuna aliyenisimamisha. Wiki ya kwanza na Monty nilijua majina ya mbwa kumi na mmoja, na wenyewe wote wakawa wananisalimia kwa mbali. Majina ya watu hao siyajui hadi leo. Wao nao walinijua kuwa ni yule wa Monty. Kwetu mtu hujulikana kwa baba yake, kule nikajulikana kwa mbwa, na nikakubali. Mzee mmoja alinieleza ugonjwa wa mkewe mwanzo hadi mwisho, pale kando ya mto Exe, na muda wote macho yake yako kwa mbwa, anamkuna shingo. Nadhani angekuwa ananitazama mimi asingeweza.

Na ndiyo, kinyesi huokotwa kwa mfuko. Nimelisema, tusilirudie.

Huyo mbwa ana karatasi kuliko mimi. Tangu Aprili 2016 sheria ya kule inataka kila mbwa awe na chipu chini ya ngozi yenye namba ya kumjulisha mwenyewe, na katika England tangu Juni 2024 paka naye wa kufugwa ameingizwa. Ana bima, ana daktari, ana tarehe za chanjo zimebandikwa kwenye friji. Kuna siku nilikaa mezani na fomu zangu za viza, zinazoniambia nisizidi saa ishirini za kazi kwa wiki wakati wa masomo, na yeye amelala chali miguuni pangu anakoroma. Nikamwonea wivu waziwazi.

Lakini kilichonichekesha peke yangu mahali ambapo watu hawacheki ni mlango mmoja ndani ya kanisa kuu la Exeter. Uko chini ya saa kubwa ya kale, na chini yake umetobolewa tundu la duara. La paka. Askofu aliwalipa maseremala peni 8 mwaka 1598 wamtobolee paka wake njia ya kuwafuata panya. Na kabla ya hapo, katika karne ya 14 na ya 15, vitabu vya hesabu vya kanisa vinaonyesha paka alitengewa posho yake, peni 13 kila robo mwaka. Nimekulia kwenye mji wa milango ya nakshi, wageni wanavuka bahari kuja kuipiga picha, na sijaona hata mmoja wenye tundu la paka. Paka wa Lamu haombi mlango. Anakuja kwa ukuta, anaondoka kwa dari, na ukimuuliza mtu huyu paka wa nani atakuona umepotea. Ni wa mji. Jioni mashua za samaki zikifika wanajipanga wenyewe, wembamba, shingo ndefu, na mvuvi anatupa vichwa huku anawatukana. Hajawahi kuacha kutupa.

Bibi aliniuliza usiku mmoja kama kwetu tuna mnyama. Nikasema tuna punda wawili. Akauliza wanaitwaje. Nikakwama. Tulikuwa tukisema Mweusi na Yule Mzee, na hayo si majina, ni kuonyesha kidole. Baba alikuwa akiwapigia mluzi tu.

Nikamweleza kazi yao. Mawe yanachimbwa Maweni, kisiwa cha Manda, yanavushwa kwa mashua, yanamwagwa pwani, na kutoka pale hakuna gari litakaloingia kwenye vichochoro vyetu. Punda anapakiwa shogi, mfuko wa mgongoni unaoning'inia pande mbili, mawe au mchanga au saruji, anapanda mpaka nyumba inapojengwa, anateremka, anapakiwa tena. Baba ni mchukuzi tangu ujana wake. Karo yangu ya sekondari ilipita kwenye mgongo wa Yule Mzee, safari kwa safari.

Nilipotaja Lamu aliweka kikombe chini, akaenda kabatini, akarudi na jarida dogo lenye punda kwenye jalada. Kumbe miaka yote hukatwa pauni chache kila mwezi kuichangia The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, na makao yake yako nje kidogo ya Sidmouth, si mbali na pale tulipokaa. Ndio waliofungua ile hospitali ya punda ya Lamu mwaka 1987.

Ile hospitali naijua vizuri. Nilikuwa na miaka tisa Yule Mzee alipolala kwenye kichochoro akakataa kuinuka. Alikuwa amekula mifuko ya plastiki jaani, hiyo ni kabla Kenya haijaipiga marufuku Agosti 2017, na tumbo limefunga. Baba na majirani walimwinua, mmoja mbele, wawili nyuma, wakamfikisha hatua kwa hatua. Akatiwa dawa kwa mpira wa puani. Asubuhi alisimama. Hawakutaka hata senti. Mwezi huohuo mama aliugua, na kwenye zahanati ya binadamu tulilipa kadi, tukalipa kipimo, dawa tukaambiwa tukanunue nje. Baba alisema laiti mkewe angekuwa na masikio marefu. Alisema akicheka, lakini hakuwa anacheka.

Bibi alinipeleka Sidmouth siku ya Jumamosi, Monty kiti cha nyuma. Kuingia ni bure. Aliyeianzisha mwaka 1969, Elisabeth Svendsen, alianza na punda mmoja wa kumpenda tu, na mwaka 1974 akaachiwa wengine 204 kwa mpigo, kwenye wosia wa mama mwingine mpenda punda. Niliwakuta wanono, majani tele, wengine wamevalishwa koti kwa sababu ya mvua. Kila mmoja ana jina shingoni.

Nilikasirika. Bibi alidhani nimeguswa, nami nikamwachia dhana yake. Mbele ya macho yangu ulikuwapo mgongo wa Yule Mzee, pale shogi ilipokaa miaka yote, manyoya hayaoti tena. Tunasema shukrani ya punda ni mateke. Methali hiyo tumeitunga sisi tuliompakia mawe, yeye hakuulizwa.

Mhudumu mmoja alitueleza kuwa punda hawawekwi mmoja mmoja. Wana wenza, na mwenza humtenganishi. Mmoja akifa, yule mwingine huachwa na maiti, amnuse, amsukume kwa pua, asimame hapo hata saa kadhaa, mpaka aondoke mwenyewe. Ukimwondolea mwenzake ghafla anaita, anatafuta, anaacha kula, na punda akiacha kula mafuta ya mwili humwagika kwenye damu yakaweza kumuua naye. Mhudumu alipofika hapo bibi alisema samahani, akaenda garini kumwangalia mbwa. Alikaa huko muda mrefu.

Basi hilo ndilo nililokuwa nimelibeba kutoka ng'ambo kumletea baba, pamoja na chokoleti na jaketi.

Nimefika nikakuta uani punda mmoja. Yule Mzee alikufa mwezi wa tatu. Hawakuniambia, nilikuwa na mitihani. Jana, baada ya Magharibi, baba alikuwa akimsugua Mweusi mgongo kwa maji, nami nikakaa juu ya mfuko wa saruji nikamtolea somo lote: wenza, damu, mafuta, namna wataalamu wanavyofanya. Hakunikatiza. Alipomaliza upande mmoja akazunguka upande wa pili.

Akasema Yule Mzee alikata roho alfajiri. Vijana wa mkokoteni walikuja saa mbili asubuhi wamchukue wakamzike nyuma ya mji. Akawapa pesa ya chai, akawaambia warudi alasiri.

"Mwendiwe alikuwa hayamaliza," akasema.

Nikanyamaza. Naye akamwaga maji yaliyobaki, akaipindua ndoo, akaniuliza huyo mbwa wa watu nimemwacha na nani. Nikamwambia mkono wa bibi umepona, anamtembeza mwenyewe.

"Haya," akasema, akampigia Mweusi mluzi.