Siku moja na Baba kwenye meza ya redio za valvu, Tanga

Saa 2 asubuhi. Tumeshakunywa chai kwa maandazi na mbaazi, tunafungua duka letu hapa Ngamiani. Baba ni fundi redio tangu ujana wake, na sasa ananifundisha redio za valvu (vichupa vya kioo vinavyokuza sauti), zile za kasha la mbao na kioo chenye majina ya miji.

Iliyopo mezani ni Philips ya mzee mmoja wa Chumbageni. Inaongea, lakini sauti inakwaruza, na baada ya dakika chache bati la ndani ya EL84, valvu inayosukuma spika, linaiva jekundu. Fundi aliyeishika kabla yetu alimwambia mzee anunue valvu mpya. Baba ana msemo wake: valvu husingiziwa sana.

Redio ngeni hatuichomeki moja kwa moja ukutani. Umeme unapitia kwanza kwenye balbu ya wati 60, ya zamani yenye uzi. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote bila kufifia, kuna shoti, unazima kabla transfoma haijaungua. Hii imefifia, tunahamia umeme kamili.

Saa 4. Hapa ndipo ninapopapenda. "Mkono mmoja nyuma, mwanangu," Baba ananikumbusha, maana humo ndani mna volti 250 na zaidi. Naweka ncha ya mita kwenye mguu wa 2 wa EL84, ndiyo gridi, sehemu inayoongoza umeme unaopita ndani ya valvu. Panatakiwa pawe sifuri. Mita inaonyesha volti 12 chanya. Ndiyo maana valvu inapitisha umeme kupita kiasi na kuiva.

"Watuhumiwa wangapi?"

"Wawili, Baba. Valvu yenyewe, au kapasita, kile kifaa cha kushika chaji, inayoleta sauti kutoka valvu iliyotangulia na kuzuia volti zake."

"Watenganishe."

Nazima, nachomoa EL84 kwa kitambaa kwa sababu ya moto, nawasha tena, napima palepale. Volti zikitoweka, valvu ni mbovu. Zikibaki, kapasita inavujisha. Zimebaki, tena zimepanda! Valvu haina kosa, na mzee ameokoa pesa yake.

Nazima, nachomoa waya ukutani, halafu namwaga chaji iliyobaki kwenye kapasita kubwa kwa rizista yenye vishikio vya plastiki. Hatua hii Baba haniruhusu kuiruka hata siku moja. Kapasita mbovu ni ya karatasi, nta yake imepasuka pembeni. Karatasi hunywa unyevu, na hewa ya bahari ya hapa kwetu haina huruma. Nalehemu mpya ya maikrofaradi 0.01, volti 630. Gridi sasa ni sifuri. Wenzake wanne wa karatasi nao tunawabadilisha.

Saa 7 swala na chakula, kisha wateja wa feni na subwoofer mpaka alasiri.

Saa 11 jioni Baba ananisomesha majina ya valvu: E ni volti 6.3 za kupasha moto, L ni ya kutoa nguvu, 8 ni soketi ya miguu tisa.

Saa 1 usiku tunaijaribu, kwa kuwa mawimbi ya kati husafiri mbali jua likizama. Tunazima taa za LED na kuchomoa chaja, maana zinaunguruma redioni. Stesheni zinaingia moja baada ya nyingine, sauti nene, haikwaruzi. Tunaiacha iwake kwa muda wa saa mbili huku nikigusa transfoma: vuguvugu tu. Mzee amepiga simu kuuliza bei. Baba amemtajia kapasita tano na ufundi, aje kesho baada ya Adhuhuri.