Usibebe mswada wote kongamanoni

Karatasi moja ya kawaida ya A4 ina uzito wa gramu 5. Kwa hivyo mswada wa riwaya wa karatasi 250 unafika kilo moja na robo, na hakuna mhariri atakayetembea na mzigo huo siku nzima kwa ajili ya mtu aliyemjua dakika mbili. Atauacha chini ya kiti. Mimi hubeba kurasa 3 za mwanzo wa sura ya kwanza, nakala 4, pamoja na muhtasari wa ukurasa mmoja unaofika hadi mwisho wa hadithi. Wengi huuficha mwisho wakidhani wanamtia mhariri hamu. Lakini yeye si mnunuzi wa dukani: anataka kuona kama fundo ulilolifunga umeweza kulifungua.

Maneno ya mdomo nayaandaa nyumbani. Sentensi 3, maneno kama 60, yaani nusu dakika: mhusika mkuu ni nani, anataka nini, nini kinamzuia. Nayarudia kwa sauti hadi yaache kusikika kama shairi la tamasha la shule. Nikiulizwa urefu wa riwaya, nataja idadi ya maneno, si kurasa. Usijione mfupi kwa kipimo cha Kiingereza, maana Kiswahili hubana: "nimekuandikia" ni neno moja, wenzetu wanahitaji matano.

Kutoka Kisumu kwenda Nairobi, basi la usiku linaokoa pesa ya chumba, ila deni lake utalilipa kwa kusinzia kikao cha kwanza. Mimi husafiri mchana wa siku inayotangulia. Maonyesho ya kimataifa ya vitabu ya Nairobi, ambayo kwa kawaida huwa Septemba, yanafaa kwa kuzunguka mabanda ya wachapishaji na kuona nani hasa ana riwaya mezani. Karibu na nyumbani kuna makongamano ya Kiswahili ya vyuo vikuu. Fuatilia matangazo ya Maseno, Masinde Muliro kule Kakamega, na Egerton kule Njoro. Huko utakutana zaidi na wahadhiri. Hawana mkataba mfukoni, lakini ndio wanaohakiki riwaya na kuzifundisha.

Chai ya saa nne ndiyo kikao chenyewe. Panga foleni nyuma ya unayemtaka, msalimu, taja jambo moja alilosema ukumbini, kisha uliza swali lenye jibu la hesabu: "Mwaka jana mlipokea miswada mingapi ya riwaya, na mkachapisha mingapi?" Jibu hilo lina faida kuliko hotuba nzima ya ufunguzi. Swali la pili: je, wanachukua riwaya ya watu wazima, au lazima iweze kuingia darasani? Wachapishaji wengi wa Kenya wanaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya yenye matusi au mapenzi ya chumbani inaweza kurudishwa hata ikiwa imeandikwa vizuri. Heri kujua kabla ya kutuma. Kurasa zako zitoe tu ukiombwa. (Na usimwandame mtu mpaka msalani. Nimeshuhudia.)

Ukipewa maikrofoni ukumbini, jina, unakotoka, swali la sentensi moja, keti. Anayeanza kwa kusimulia maisha yake hukatizwa na mwenyekiti, na ukumbi mzima humkumbuka kwa hilo.

Nikipewa kadi, naandika nyuma yake papo hapo: tumekutana wapi, ameomba nini. Jioni kadi zote hufanana. Barua pepe naituma ndani ya siku 3, kichwa chake kikiwa na jina la riwaya na la kongamano, na naambatisha alichoomba tu. Akiomba sura 3, hapati 5. Kisha nasubiri miezi 3 kabla ya kukumbusha mara moja, kwa mistari miwili, nikijibu juu ya barua ileile ili asihangaike kutafuta viambatisho.