Tahasusi ya Mtoto Huchaguliwa Kabla ya Kidato cha Nne

Matokeo ya kidato cha nne yalipotangazwa Januari 2025, nyumba yetu hapa Makorora, Tanga, ilijaa ndugu kabla ya adhuhuri. Mjomba wa binti yangu alishikilia kwamba katika tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu ya kidato cha tano na sita, mtoto achukue PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) awe daktari, kwa kuwa ukoo mzima hauna daktari hata mmoja. Shangazi yake akasema Fizikia itamchosha bure mtoto wa kike, bora achukue HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) awe mwalimu karibu na nyumbani. Binti mwenyewe alikuwa ameketi mkekani kando ya mlango, simu mkononi, akimwamkia kila aliyeingia na kurudi kimya. Sikumkatiza mtu, kwani walikuja kwa mapenzi. Lakini mimi na yeye tulijua kwamba mazungumzo yale yalikuwa yamechelewa kwa miaka miwili.

Jambo hili nilifunzwa na yaliyompata kaka yake. Alipoingia kidato cha tatu, shule aliyosoma ilikuwa haina mwalimu wa Fizikia kwa sehemu kubwa ya mwaka, na wanafunzi waliopata alama ndogo katika mtihani wa kidato cha pili wakaruhusiwa kuliacha somo. Aliniambia jioni moja nikiwa jikoni napakua wali: "Mama, Fizikia nimeacha, nimebaki na masomo ya sanaa." Nikamwambia sawa, mradi asome. Sikumuuliza anaacha nini pamoja na somo hilo. Miaka miwili baadaye, habari za bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda na kuishia Chongoleani hapa Tanga zikiwa kwenye kila baraza la mji huu, akaja kuniambia anataka uhandisi. Alikuwa amefaulu vizuri, ila njia ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, ilikuwa imefungwa tangu siku ile ya wali. Alisoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) hadi kidato cha sita, na sasa anajifunza umeme katika chuo cha ufundi, akianzia ngazi ya chini kabisa. Anaipenda kazi yake na ninamwombea heri, lakini miaka ile miwili angeweza kuitumia vingine kama mimi mama yake ningeuliza swali moja tu.

Kwa hiyo ninawaandikia hasa wazazi wenye watoto walio kidato cha kwanza na cha pili. Fomu ya machaguo, yaani Selform, hujazwa mtoto akiwa kidato cha nne, na baada ya matokeo TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, hufungua dirisha la kubadili machaguo kwenye mtandao. Kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kwamba uamuzi hufanyika wakati huo. Kilichobaki wakati huo ni kuchagua ndani ya masomo ambayo mtoto ameyafanyia mtihani na kuyafaulu. Anayeendelea na kidato cha tano anahitaji krediti zisizopungua tatu, yaani alama ya A, B au C, na C huanzia 45. Mwenye D ya Fizikia anayeomba PCB anasimama nyuma ya wenye A na B wanaoiomba nafasi ileile.

Kwa binti yangu tulianza mapema. Matokeo yake ya kidato cha pili yalipotoka, tulikaa mezani baada ya sala ya Isha, birika la chai ya mchaichai katikati, na nikamwomba anipangie madaftari yake yote. Sikutazama alama kwanza. Nilitazama daftari lenyewe. La Historia lilikuwa na kurasa zilizoachwa katikati, nukuu zimekatika na kichwa kipya kimeanza. La Biolojia lilikuwa na mchoro wa moyo uliofutwa na kuchorwa upya mara tatu hata karatasi ikalainika, na pembeni ameandika kwa penseli mahali alipokosea. La Jiografia lilikuwa na ramani alizozipaka rangi bila kuagizwa na mtu. Nilimuuliza kwa nini huu moyo ameurudia, akanijibu kwamba mwalimu alimpa alama zake zote lakini yeye aliona mshipa mmoja umekaa upande usio wake. Mtoto wa namna hiyo hahitaji mjomba wala shangazi kumwambia anapenda nini.

Fizikia hakuiacha. Alitaka kuiacha, nami nikamsihi aendelee nayo hadi mwisho hata kwa D, ili kama kuna mlango utafungwa ufungwe na mtihani, usifungwe na uchovu wa jioni moja. Katika mtihani wa utamirifu, yaani mock, alipata D, na mtihani wa Taifa ukarudia ileile, huku Biolojia na Jiografia zikiwa B, Kemia na Hisabati C. Aliomba CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, na ndiyo aliyopangiwa.

Hapo ndipo nilipopata kazi ngumu kuliko zote, ambayo ni kumweleza ukweli. Shahada ya udaktari wa binadamu inadai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia katika kidato cha sita. Anayekwenda CBG ameiacha njia hiyo, na kumficha mtoto ili asilie ni kumdhulumu. Alilia kweli, kwa kuwa udaktari ulikuwa ndoto yake pia, si ya mjomba peke yake. Nilimwacha alie. Siku mbili baadaye tulikaa tena, tukaanza upande wa kazi na kurudi nyuma: kilimo, misitu, mazingira, uvuvi. Sisi ni watu wa pwani. Bahari yetu ina hifadhi iliyoanzishwa kwa ajili ya samaki adimu aitwaye silikanti, na mikoko inayokatwa kila siku kwa kuni. Alianza kuuliza maswali ambayo mimi sikuwa na majibu yake, na hapo moyo wangu ukatulia kidogo.

Niongeze jambo kuhusu Hisabati, kwa kuwa watoto wengi huikimbia kwa kuchagua PCB au CBG wakidhani wameachana nayo. Huko kuna somo la BAM, yaani Hisabati tumizi ya msingi, linalowasubiri. Na mwaka 2024 serikali iliongeza idadi ya tahasusi kutoka 16 hadi 65, zikiwamo za lugha, sanaa, michezo na elimu ya dini, nayo ni neema kwa watoto wenye vipaji tulivyokuwa tukivipuuza. Lakini si kila shule inazifundisha zote, na mzazi aulize ni shule zipi kabla ya mtoto kuijaza fomu.

Kutoka Novemba, mtihani wa kidato cha nne unapokwisha, hadi Julai mtoto hukaa nyumbani takribani miezi minane. Wengine huwapeleka masomo ya maandalizi kila siku asubuhi hadi jioni. Mimi nilimtafutia mwalimu jirani wa Hisabati mara mbili kwa wiki, na siku nyingine alilala, alipika, alisoma alichotaka. Alikuwa amechoka, na kidato cha tano hakina nafasi ya kupumua: kuanzia Julai ya kuingia hadi mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei ni kama miezi ishirini na miwili tu.

Ada ya kidato cha tano na sita imeondolewa tangu mwaka wa fedha wa 2022/23, ila maelekezo ya kujiunga yana orodha yake. Tulizunguka Ngamiani kutwa nzima tukitafuta tranka, ndoo, shuka za rangi iliyotajwa, fyekeo na fagio la chelewa. Fomu ya afya tukaijaza hospitali ya Bombo. Baba yake aliandika jina lake kwa rangi nyeupe ndani ya mfuniko wa tranka, herufi kubwa, akasubiri ikauke ndipo akafunga. Stendi ya Kange alfajiri ile binti hakulia. Aliniuliza kama nimemwekea daftari la zamani la Biolojia, lile lenye moyo. Nilikuwa nimeliweka chini kabisa, chini ya shuka.

Mdogo wao anamaliza darasa la saba mwaka huu, na katika mtaala mpya swali la mkondo wa jumla au mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, linamkuta mtoto tangu kidato cha kwanza. Jana baada ya Isha nilimwita mezani na madaftari yake. Tumeanza na la Sayansi.