Nilivyoinasa QO-100 kwa dishi la televisheni

Setilaiti nyingi za redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaowasiliana kwa redio kwa kujifurahisha, hupita dakika chache tu na kuzama, na ukichelewa ndio basi. QO-100 haiondoki. Ni mtambo unaopokea sauti za watu na kuzirusha upya, umebebwa na Es'hail 2, setilaiti ya Qatar iliyorushwa Novemba 2018, na ndiyo ya kwanza ya redio ya ridhaa kutulia mahali pamoja juu ya ikweta, karibu na longitudo 26 mashariki. Mtu wa Kisangani inamkaa utosini. Kwetu Dar es Salaam iko nyuzi 72 kutoka upeo wa macho, upande wa magharibi ukielekea kidogo kaskazini. Nilipolijua hilo nikaona sina haja ya kununua antena: dishi la sentimita 90 lilikuwa juu ya bati, halina kazi.

Vifaa vilivyobaki ni LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) ya kawaida ya Ku, yaani masafa ya televisheni za setilaiti, kompyuta na kidude cha USB cha RTL-SDR, ambacho ni kipokezi cha redio cha kompyuta. LNB huyapunguza masafa kwa megahezi 9750, kwa hiyo mazungumzo yaliyo karibu na 10489.75 hushuka kwenye kebo yakiwa 739.75, na hapo RTL-SDR inafika bila shida. Umeme wa LNB niliutoa kwenye king'amuzi cha zamani kupitia splita, kigawanyaji cha kebo, inayopitisha umeme mguu mmoja tu. Mguu usiopitisha ndio unaokwenda kwenye RTL-SDR. Hilo lipime kwa mita kabla ya kuunganisha, maana volti 13 zikiingia kwenye RTL-SDR zinaweza kuiunguza. Volti hizohizo 13 ndizo zinazochagua upande wa V (mawimbi ya wima), tunaoutaka. 18 huchagua H (ya mlalo).

Kazi yenyewe ilikuwa kuelekeza. Dishi letu ni la ofseti, yaani LNB yake haikai katikati bali pembeni, hivyo uso wake huonekana umeinama kama nyuzi 25 chini ya kule linakotazama kweli. Kisha kuna LNB, na hapa maelekezo mengi ya mafundi wa Ulaya hayatufai, kwa sababu wao huigeuza kidogo tu. Sisi tuko karibu na ikweta na setilaiti iko magharibi yetu, kwa hiyo LNB inageuka takriban nyuzi 63 kutoka wima. Ukiiacha imesimama, sehemu kubwa ya nguvu inapotea. Niliizungusha polepole huku mdogo wangu akinisomea kompyuta kwa simu, mpaka bikoni ya 10489.750, ishara ya utambulisho inayorushwa usiku na mchana, ikasimama wazi juu ya kelele.

Halafu zikaja sauti. Mjerumani, mtu wa Afrika Kusini, kisha Mbrazili, wote kwa dishi moja. Nilikaa pale hadi usiku.

Jua likiwaka LNB hupata joto, masafa yanahama na sauti za watu zinakuwa nyembamba. Programu ya SDR Console huifuata bikoni na kurekebisha yenyewe. Kusikiliza kumenitia hamu ya kujibu, lakini kurusha, kwenye megahezi 2400, kunataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, nami naiandaa.

Ukiwa Mwanza, elekeza juu nyuzi 81 na ugeuze LNB kama 70. Nairobi ni 77 juu, na LNB inakaribia kulala kabisa: nyuzi 83.