Hasira Zisizo Zangu

Kwa miezi kadhaa nilikuwa naamka na hasira zisizo zangu. Kabla hata sijanawa uso, nilishasikiliza jumbe za sauti za rafiki yangu mmoja: nani kamdharau, nani hafai. Nampenda, lakini kufikia saa tatu asubuhi nilishamkaripia mwanangu bila kosa. Siku aliponiuliza, “Mama, nimefanya nini?” niliumia sana.

Sasa simu inalala sebuleni. Hasira ikinipanda, natoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko ninavyoivuta, na mapigo ya moyo hutulia kweli. Na usingizi jamani! Nikilala masaa manne tu, kila neno hunichoma. Rafiki yangu bado namsikiliza, ila jioni, nikishakula na kupumzika.