Kuingia mjini Dodoma bila gari: kipande kifupi ndicho kinachokula pesa

Mtu anayetafuta nyumba au kiwanja pembezoni mwa Dodoma huuliza kwanza kama daladala zipo. Zipo. Swali linalostahili kuulizwa kabla ya hilo ni umbali wa kutoka mlangoni hadi lami, na njia utakayopita kufika hapo. Ukisikia dalali anasema "ni hapo tu, dakika mbili", jua anahesabu dakika za pikipiki. Tembea mwenyewe kwa miguu, saa ikiwa mkononi, kabla hujalipa kodi ya miezi sita.

Ramani ya mji inaeleza mambo mengi. Barabara kuu nne zinakutana Dodoma: ya Dar es Salaam kutoka mashariki, ya Iringa kutoka kusini, ya Singida kutoka magharibi, na ya Arusha inayopita Kondoa kutoka kaskazini. Daladala hufuata barabara hizo pamoja na chache zinazoingia maeneo yenye watu wengi, kama Chuo Kikuu cha Dodoma. Katikati ya barabara moja na nyingine kuna mitaa mipana yenye vumbi ambako daladala haiingii kabisa. Sababu inaeleweka. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, mji umepimwa kwa nafasi, viwanja vikubwa na barabara pana, kwanza chini ya CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Nyumba zimeachana, na mtaa wenye nyumba zilizoachana haujazi Hiace kwa muda ambao dereva yuko tayari kusubiri.

Sasa tupige hesabu. Tuseme unakaa kilomita 2 kutoka lami upande wa Nzuguni, mashariki ya mji, unafanya kazi katikati ya mji, siku 22 kwa mwezi. Tuseme daladala ni shilingi 600 na bodaboda hadi lami ni 1,000. Daladala kwenda na kurudi itakula 26,400 kwa mwezi. Bodaboda itakula 44,000. Yaani kilomita 2 za vumbi zinakugharimu kuliko safari nzima ya lami. Weka bei za mtaani kwako, matokeo yatafanana na haya. Ndiyo maana nyumba ya kodi nafuu iliyo ndani sana mara nyingi si nafuu. Tofauti ya 30,000 kwenye kodi inaweza kuishia yote kwa bodaboda.

Muda nao una hesabu yake. Kutembea kilomita 2 ni dakika 25 hadi 30, na kwenye mchanga ni zaidi. Weka dakika 15 za kusubiri gari, nusu saa ya safari na vituo vyake, dakika 10 za kutoka stendi hadi ofisini. Jumla ni kama saa 1 na dakika 25. Anayetakiwa kazini saa 1:30 asubuhi awe ametoka nyumbani saa 12 na dakika 5. Akichukua bodaboda atatoka saa 12 na nusu. Hizo dakika 25 za usingizi ndizo anazozinunua kwa shilingi 1,000. Kwa mama aliyeacha mtoto mdogo nyumbani zinaweza kuwa na thamani hiyo. Kwa kijana asiye na mzigo, hapana. Mpango wa kati unaowafaa wengi ni kutembea asubuhi na kupanda bodaboda jioni tu, ukiwa na mizigo ya sokoni au giza limeingia. Nusu ya gharama inabaki mfukoni.

Baiskeli ndiyo inayomaliza tatizo la kile kipande kifupi, na inasikitisha kuona wanaume na wanawake wenye afya wakiidharau wakati vijiji vyote vinavyozunguka mji vinaitegemea. Kilomita 2 ni dakika 8 hadi 10. Unafika lami, unaiacha kwa fundi baiskeli au kwa mwenye duka mliyeelewana, unampa chochote kwa wiki, unapanda daladala. Funga fremu na gurudumu la nyuma pamoja kwenye nguzo. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, mwizi atalifungua akuachie hilo aondoke na baiskeli.

Adui wa baiskeli Dodoma ni miiba. Mbigili hutambaa pembezoni mwa njia. Mvua zikiisha unakauka na kuacha punje ngumu zenye ncha kadhaa, na ikianguka vyovyote vile ncha moja hutazama juu. Kuna pia miiba ya migunga inayotoka kwenye nyua za matawi. Ukiona mwiba umezama kwenye tairi na upepo haujatoka, usiung'oe ukiwa njiani. Mara nyingi wenyewe ndio unaoziba tundu, na unaweza kufika. Ng'oa ukiwa kwa fundi au penye pampu.

Kuziba si kazi ngumu, ila kuna hatua moja ambayo watu wanairuka. Toa tyubu, ijaze upepo, izamishe kwenye beseni uone mapovu yanatokea wapi. Kausha, sugua pale kwa msasa mpaka mng'ao uishe, paka solusheni nyembamba iliyozidi kiraka kwa upana, subiri kama dakika 5 mpaka isishike kidole, ndipo ubandike na kukandamiza. Ukibandika solusheni ikiwa mbichi, kiraka kitateleza na kuachia ukipiga upepo. Kisha ile hatua inayorukwa: kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, taratibu. Kitakapokwama, hapo kuna ncha ya mwiba iliyovunjikia ndani. Usipoitoa kwa koleo, kesho utaziba tundu lile lile na kumlaumu fundi bure. Wengi huvisha tyubu kuukuu iliyopasuliwa kati ya tairi na tyubu nzima. Baiskeli inakuwa nzito kidogo, lakini mbigili wafupi hawafiki ndani.

Kwa anayetaka kuendesha hadi mjini kabisa, angalia upepo. Kiangazi upepo wa Dodoma hutoka mashariki, na mchana huwa na nguvu. Anayeingia kutoka Nzuguni anasukumwa asubuhi, jioni anapambana nao akiwa amechoka. Anayetoka magharibi, upande wa Kizota na Nala, mambo yake ni kinyume, na yeye ndiye mwenye bahati. Juni na Julai saa 12 kamili asubuhi bado ni giza na baridi ni kali, kwa hiyo taa na vazi la kung'aa ni lazima kwenye barabara yenye malori na mabasi ya mikoani. Lori likija nyuma na basi likija mbele kwa pamoja, toka nje ya lami usubiri pembeni.

Kuhusu bodaboda: patana bei kabla hujapanda, vaa kofia hata kama ni kilomita 1, na ukatae mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja kwenye pikipiki moja. Kuwa na wawili unaowafahamu na namba zao, maana mmoja akipata safari ndefu ya mjini hatarudi kukufuata. Bajaji za kuchangia ni nafuu kuliko za kukodi, ila sema mapema, "Kaka, nachangia, sikodi." Usiposema, atakuhesabia gari zima.

Turudi kwenye daladala, maana hapo ndipo watu wanapopoteza muda bila kujua kwa nini. Dereva na konda wengi hawana mshahara. Wanampelekea tajiri, yaani mwenye gari, hesabu ya siku, wanaweka mafuta, kinachobaki ndicho chao. Ukilishika hilo utaelewa mwenendo wote. Gari haliondoki stendi likiwa na siti tupu kwa sababu siti tupu ni pesa yao wenyewe. Asubuhi linakimbia kwa sababu abiria wako kila kituo na kila mzunguko unaongeza kitu. Jioni linakatisha ruti kwa sababu baada ya watu wengi kushuka njiani, kilomita za mwisho halibebi faida.

Kukatisha ruti ni kosa, kwa kuwa leseni ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, inataja gari linaanzia wapi na kuishia wapi. Lakini kosa hilo litakukuta wewe saa 2 usiku, si ofisi yoyote. Kwa hiyo uliza kabla mguu haujapanda: "Konda, inafika Mtumba au inaishia Nanenane?" Akisema inafika, kumbuka namba ya gari. Nauli ya safari yote usiitoe mwanzoni kabisa. Toa gari likishapita pale ambapo huwa yanageuza. Likigeuza njiani, lipa kwa umbali uliosafirishwa tu, na abiria mkisema hilo kwa sauti moja na kwa heshima, makonda wengi hukubali au huwaunganisha na gari jingine.

Anayekaa katikati ya njia, mfano Ilazo au Kisasa, ana tatizo tofauti. Magari yanamfikia asubuhi yakiwa yameshajaa. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuwahi dakika 20 kabla ya wimbi. Ya pili ni kupanda gari linalotoka mjini, kwenda nalo hadi linapogeuza, na kurudi nalo ukiwa umekaa. Utalipa mara mbili, na konda ana haki ya kukudai. Kwa mjamzito, mzee au mtu mwenye mgongo mbovu ni pesa iliyotumika vizuri. Kwa wanaotoka Mtumba na Ihumwa kuna nafuu: tangu ofisi za wizara zihamie Mji wa Serikali ulioko Mtumba, wimbi kubwa la wafanyakazi asubuhi linatoka mjini kwenda huko, na wewe unakuja kinyume chake.

Ndani ya Hiace, kama unashuka mapema usiende siti ya nyuma. Utawasimamisha watu wote wa siti za kukunja ili upite, na kituo kitakupita. Sema "Ilazo shusha" kituo kimoja kabla. Uwe na sarafu za 100, 200 na 500. Noti ya 10,000 saa 12 asubuhi inaanzisha ugomvi, na chenji iliyoahidiwa "baadaye" husahaulika wakati wa kushuka. Simu iwe mfuko wa mbele, hasa kwenye msukumano wa mlangoni, kwa kuwa vibaka hupenda mlango kuliko siti.

Mvua ni miezi michache, kati ya Desemba na Aprili, lakini inabadili kila kitu. Barabara ya mchanga inapitika saa chache baada ya mvua. Ya udongo mweusi haipitiki kwa siku kadhaa na bodaboda hawatakufuata, au watakufuata kwa bei mara mbili. Zaidi ya yote, makorongo. Korongo lililokauka asubuhi linaweza kushusha maji jioni hata kama mtaani kwako hakujanyesha, kwa sababu mvua imepiga vilimani. Maji ya magotini yanayokwenda kasi yanamwangusha mtu mzima na pikipiki. Subiri, mara nyingi hupungua baada ya saa moja au mbili. Kabla ya kupanga nyumba, uliza majirani Februari huwa mnapita wapi.

Jambo moja kwa wanunuzi wa viwanja: barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3 inayopita Nala, Veyula, Mtumba na Matumbulu, imejengwa ili magari ya safari yasilazimike kupita katikati ya mji. Kiwanja kilichoandikwa "jirani na lami" kikiwa kwenye barabara hiyo kina lami kweli, lakini huenda hakina daladala. Uliza gari la abiria, usiulize lami.

Wanaotoka mbali zaidi, Bahi, Kongwa, Kibaigwa au Kondoa, wajue kwamba stendi kuu ya mabasi iko Nanenane, mashariki ya mji, karibu na Soko la Job Ndugai. Ukitoka magharibi na shughuli yako ni hospitali ya rufaa ya mkoa au sokoni Majengo, muulize konda mapema basi litapita wapi, ushuke njiani. Ukipelekwa hadi stendi utalipa tena kurudi ulikotoka. Ukitoka mashariki, weka kwenye bajeti nauli ya pili na kama dakika 40 za ziada. Treni ya SGR, reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024 inamfaa wa Morogoro na Dar. Kwa safari ya kila siku ya kuingia kazini kutoka kata za jirani, haihusiki.

Jioni kanuni inageuka. Asubuhi unalifuata gari linakoanzia upande wa nyumbani, jioni lifuate linakoanzia mjini. Kusimama kituo cha pili au cha tatu kwa sababu kiko karibu na ofisi ni kujiandikia kusimama njia nzima, ukibahatika kupanda. Tembea hadi stendi. Na kama kazi yako inaisha usiku, panga na bodaboda wako tangu mchana akusubiri lamini saa mnayokubaliana, mahali penye taa na duka lililo wazi, kisha umpigie ukiwa bado vituo viwili kabla ya kushuka.